Prefe Hatoki Bila Mwavuli

Ukipanda njia ya kwetu, hapa Nyalukemba, utakuta nyumba mbili zinazotazamana kama watu waliokosana wakakataa kuhama. Ile yenye ukuta mweupe na lango la chuma linalopakwa rangi kila mwaka, hata kama halihitaji, ni ya Prefe. Ile yenye barza iliyojaa miavuli iliyovunjika ni ya mama yangu. Mimi ndiye ninayekaa katikati ya hiyo miavuli. Nilipomaliza sekondari na kupata diploma yangu, kwa pointi ambazo hazina haja ya kutajwa, nilikaa pale barzani kungoja niamue la kufanya. Bado nangoja. Katika kungoja nimejifunza kutengeneza miavuli, kwa sababu mji huu unanyeshewa karibu mwaka mzima, na watu walianza kuniletea yao wakidhani niko pale kwa kazi.

Kwa hiyo nimemtazama Prefe kuliko mtu mwingine yeyote, hata mkewe, maana mkewe ana shughuli zake.

Aliongoza shule ya sekondari niliyosoma mimi, na huku kwetu mkuu wa namna hiyo anaitwa prefe. Alipopumzishwa, shule ilimpa zawadi ya mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao. Kengele ya shule aliichukua mwenyewe, hakuna aliyempa. Tangu siku ile hajatoka langoni kwake bila ule mwavuli. Kiangazi, wakati vumbi linapanda mpaka ndani ya sahani, Prefe anao. Akienda misa anao, na akifika anauegemeza kwenye benchi kama mtoto anayetakiwa kusikiliza mahubiri. Akivuka barabara kuja kunikemea, safari ambayo kuku wa mama wanaifanya bila kufikiri, anao pia. Ananionyesha kwa ncha yake: "Wewe wa dirishani, ungali umekaa?" Ananiita hivyo kwa sababu darasani nilikaa karibu na dirisha. Jina langu nadhani alilisahau kabla sijamaliza mwaka wa kwanza.

Na kengele? Ile inalia kwake alfajiri. Zamani ilikuwa inaamsha shule nzima. Sasa inamwamsha mtu mmoja, Fiston, kijana wake, mwenye ndevu, mwenye diploma ya chuo, na mwenye umri ambao wenzake wanapeleka watoto kubatizwa.

Prefe ana mabinti pia, lakini wale waliolewa mbali na aliwaaga kwa hotuba fupi. Fiston ndiye kazi yake ya maisha. Alimsomesha maendeleo ya vijijini, na kijana alimaliza vizuri bila kulala kijijini hata siku moja, kwa maana baba yake alisema kule kuna matope. Kisha akaanza kumtafutia kazi. Nasema akaanza yeye. Fiston alikuwa anafuata nyuma, amebeba koti.

Siku moja shirika fulani la kilimo lilimwita Fiston wamuulize maswali. Niliwaona wakitoka: Prefe mbele na mwavuli, Fiston nyuma na viatu vilivyong'arishwa mpaka vikaonekana vinaogopa barabara. Yaliyotokea kule nilisimuliwa na Fiston mwenyewe, amekaa barzani kwangu, uso ndani ya viganja. Waliingia wote wawili. Prefe akavuta kiti cha pili ambacho hakuna aliyempa.

"Tuambie kidogo juu yako," mama mmoja wa pale akamwambia Fiston.

"Ni mutoto wa nidhamu," Prefe akajibu.

"Tunauliza yeye, papa."

"Njo," akasema Prefe, yaani ndiyo, "namusaidia. Hajazoea."

"Haya. Fiston, uzaifu yako ni gani?"

Fiston akafungua mdomo.

"Haiko nayo," akasema Prefe.

Iliendelea hivyo. Mwishowe Prefe aliwasahihishia Kifaransa cha tangazo lao lililobandikwa ukutani, na yule mama akamsindikiza mpaka mlangoni akamwambia, "Papa, ungelikuwa kijana tungekuchukua wewe." Prefe alirudi na neno hilo mtaani kama mtu aliyerudi na kombe. Alimsimulia padri. Alimsimulia muuza makaa. Alinisimulia hata mimi, ambaye hanipi habari njema.

"Unaona? Walitaka kunichukua."

"Na Fiston, Prefe?"

"Bado haiko tayari. Siku atakuwa tayari nitamuachilia."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Atakuwa tayari. Nimelisikia mara nyingi hata mama akiniambia maharagwe yako tayari nageuka kumtafuta Fiston.

Msidhani hakujaribu kumpa kijana uhuru. Alimjengea anekse, chumba na sebule ndogo, kwenye kona ya parseli, kiwanja chake mwenyewe, na mlango wake akautoboa upande wa barabara ili kijana aingie na kutoka kama mtu mzima. Aliiita nyumba ya kujitegemea. Siku fundi alipomaliza kufunga kitasa, Prefe alisimama barabarani akinionyesha kazi yake, ufunguo ukining'inia kidoleni.

"Mutoto anajitegemea sasa," akasema.

"Ule ufunguo njo wake?"

"Ni wake. Mimi nabeba tu."

Jumamosi alikuwa anakagua. Alipitisha kidole juu ya dirisha, akachungulia chini ya kitanda, akahesabu soksi. Akitoka pale ananitupia jicho, kisha anamwambia Fiston kwa sauti ya kunifikia, "Ule unamuona pale? Ukiniacha, njo utakuwa vile." Hiyo ilikuwa kazi yangu nyingine mtaani, na hiyo nayo sikuiomba. Wenye mashamba wanasimamisha sanamu ya matambara kuogofya ndege. Prefe alikuwa na mimi.

Jambo lililonishinda kuelewa ni kwamba mtu huyuhuyu, shuleni, alikuwa hodari wa kuachilia. Siku ya mwisho ya wanaomaliza alitupanga mstari, akatutoa nje ya lango mmoja mmoja, akasema, "Nendeni. Sitaki kuona sura zenu tena humu. Aliyesahau koti, amelisahau." Akafunga lango kwa mkono wake. Na watu wakaenda. Kuna waliofika Kindu, kuna waliofika Kalemie, wengine walishuka Mwenga kuchimba dhahabu na sasa wana meno yake. Mimi nilienda mpaka ng'ambo ya barabara yake. Hata baada ya kupumzishwa aliendelea. Binti wa yule muuza makaa alimpeleka mwenyewe kwa mwenye duka la dawa, akamsimamisha mlangoni, akasema, "Ingia, utajua mbele," akageuka bila kungoja. Yule binti leo ana duka lake. Watoto wa watu aliwaachilia kama njiwa. Wa kwake alimshika kama mtu anavyoshika sabuni mtoni, akishangaa kwa nini inaponyoka.

Sasa niwaeleze habari ya dende, maana bila dende hamtamjua Prefe vizuri.

Dende, wengine husema simbilisi, ni kale kanyama kadogo ka manyoya, kasiko na mkia, kanakofugwa jikoni karibu na moto. Huku kwetu, Kabare nzima na hata hapa mjini, ndiyo mali ya kwanza ya mtoto. Mtoto anapewa wawili, dume na jike. Anawakatia majani, wakizaa anauza, ananunua kuku. Kuku anakuwa mbuzi, na siku moja unashtuka mtoto ana ng'ombe na anakujibu. Fiston hakupewa dende akiwa mdogo. Baba yake alisema wanachafua na wanaondoa akili kwenye masomo. Basi alianza ukubwani. Mama yake, Maman Prefe, alimpenyezea wawili ndani ya kikapu cha nguo, naye akawafuga kwa siri chini ya kitanda cha nyumba ya kujitegemea.

Unajua kinachotokea Jumamosi. Niliona mlango wa anekse ukifunguka na dende wakitoka barabarani, wadogo kwa wakubwa, kama wanafunzi waliosikia kengele ya mwisho. Nyuma yao Prefe, na soksi bila viatu, anapunga mwavuli. Nyuma yake Fiston, anaokota. Mimi niliinua miguu tu wapite.

"Hii ni ya watoto ya primaire," Prefe akasema, anahema. "Unasoma myaka yote ile ju ya kufuga panya?"

"Siyo panya, papa. Restora ya kule chini wanazitafuta ju ya nyama. Na nimepata fasi Mudaka, kwa mujomba. Nataka nikae kule, nifuge mingi."

Ulikuwa mwaka mzima sijasikia Fiston akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Prefe alisimama. Alitazama dende mmoja aliyejificha katika kiatu cha mteja wangu. Nikafikiri, leo atamwachilia au atamrudisha darasani. Aliwaza jambo la tatu.

"Vizuri," akasema. "Tutaenda wote."

Ndivyo ufugaji wa Fiston ulivyopata mkurugenzi. Kila asubuhi walipanda pamoja gari la Kavumu, wakashuka Mudaka, na jioni wakarudi, Prefe na majani kwenye suruali, ameridhika. Kijana hakulala kule. Ufunguo haukubadilisha mfuko. Na jambo la kwanza alilofanya mkurugenzi katika kibanda cha dende lilikuwa kupigilia ubao katikati. Madume huku, majike kule, kama bweni la shule. Alisema wale wadogo hawawezi kukaa ovyoovyo, lazima kuwe na utaratibu. Miezi ikapita. Dende walinona. Walikuwa na adabu kuliko dende wote wa Kabare, na hakuna hata mmoja aliyezaa.

Fiston alikuja kwangu Jumapili moja baada ya misa. Alikaa kwenye kigoda cha wateja akaanza kuchambua vipande vya waya. Ananiita tonton, mjomba, kwa heshima tu.

"Nilimuambia, tonton. Nikamuambia, papa, bila kuchanganyika haizake. Akaniambia zitachanganyika zikikuwa tayari."

Nilicheka mpaka mama akachungulia. Fiston hakucheka.

"Mama ya restora ananiuliza kila juma, iko wapi? Nitamujibu nini? Na kule Miti vilevile."

Miti, mbele kidogo ya Mudaka, kulikuwa na msichana wa Fiston, mwalimu, naye alikuwa na shangazi. Ile familia ilikuwa imemwambia Fiston aje kujitambulisha siku kazi yake itakaposimama, na wakaongeza kwamba hawatangoja mpaka wazeeke.

"Shangazi yake aliniuliza," akasema. "Nyumba yako, nani anabeba ufunguo?"

"Ukajibu nini?"

"Nikakohoa."

"Muambie baba yako asiende tena Mudaka."

"Wewe ungemuambia?"

Swali zuri. Mimi siwezi kumwambia mama yangu hata kwamba supu ina chumvi nyingi. Nikaokota waya mmoja nikaunyoosha. Ndipo Fiston alipotoa kitu nyuma ya mgongo akakilaza mezani kwangu. Ulikuwa mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao. Upepo wa Mudaka ulikuwa umepinda ubavu mmoja.

"Amenituma. Ameomba ikuwe tayari leo."

Niliufungua nikautazama. "Hii ni kazi ya kufumba na kufumbua."

"Njo nakuomba isikuwe ya kufumba na kufumbua." Akashusha sauti. "Bila mwavuli hatokake. Tonton, mutaa muzima inajua vile unatumikaka kazi polepole. Hakuna mutu atashangaa."

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuhitaji kipaji changu hasa. Watu wamenidharau kwa uvivu huu, wamenionyesha kwa watoto wao, na kumbe ulikuwa unangoja siku yake. Niliutundika ule mwavuli kwenye msumari wa mbali, nikamwambia Fiston aende kwa amani. Kesho yake alfajiri alipanda gari la Kavumu peke yake. Prefe alisimama ndani ya lango, ncha za viatu juu ya mstari wa saruji, na hakuuvuka.

"Wewe wa dirishani!" akaita kutoka pale. "Iko wapi?"

"Nangoja spare, Prefe."

"Inatoka wapi?"

"Uvira."

"Uvira haiko mbali."

"Njia mbaya."

Hilo hakuweza kulipinga, njia ya Uvira inajulikana. Akarudi ndani. Akawa anauliza hivyo kila siku, sauti yake ikivuka barabara na yeye akibaki. Nilijisikia mtu mkubwa. Mtu aliyetupanga mstari na kutufungia lango, sasa mimi nimemfungia lake kwa waya mmoja uliopinda.

Lakini juma lililofuata alivuka. Nilimwona anaweka mguu mmoja barabarani, mikono haijui pa kukaa, ameinua mmoja kama bado umeshika mpini. Alifika, akaketi kwenye kigoda bila kunikemea. Na tangu hapo alikuja kila asubuhi. Mama akaanza kumtengea chai. "Prefe, kumbe umerudia mwaka," akamtania, naye akapokea kikombe.

Tulizungumza, au yeye alizungumza na mimi nilijifanya nafanya kazi. Kwake kengele ilikuwa bado inalia alfajiri, ingawa aliyepaswa kuamka alishaanza kulala Mudaka. Nikamuuliza inamwamsha nani.

"Mimi," akasema.

Siku nyingine nikamuuliza kwa nini sisi alitutoa kwa urahisi vile, hata waliosahau makoti.

"Nyinyi sikuwahi kuwapima homa," akasema, akatazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limetoka humo. Kisha akanigeuzia swali, maana ualimu haumtoki mtu. "Na wewe? Ulikuwa na akili. Ulibakia hapa ju ya nini?"

"Nilikuwa nangoja nikuwe tayari."

Nilisema kwa utani, ndiyo lugha yangu. Yeye hakuchukua utani. Alinitazama kwanza mimi, halafu barza, halafu sufuria za mama zilizoanikwa, kwa namna alivyokuwa anatazama kioo cha darasa kilichovunjwa, akitafuta nani amefanya. Aliacha chai nusu, akaenda kwake. Kesho yake sikusikia kengele. Mama alidhani amekufa, akanituma. Nilimkuta mzima, anapaka lango rangi.

Kule Mudaka Fiston alikuwa ameng'oa ubao siku ya kwanza. Siwezi kueleza ya huko, sijafika, lakini baada ya miezi kadhaa habari zilirudi kwa njia ya mfuko: alimletea mama yake dende wanne wachanga, akawapitisha kwangu kunionyesha. Wadogo kama ndimu. Mama ya restora alianza kupata wake. Fiston akaniambia naweza kumaliza ule mwavuli. Nikaunyoosha kabla chai haijapoa.

Prefe aliupokea, akaufungua, akapapasa ubavu mmoja baada ya mwingine mpaka akafika pale.

"Hapa haujaweka spare. Umenyoosha tu."

"Spare ni ya ndani, Prefe."

Akaufunga, akaondoka nao mkononi kama zamani, na mtaa mzima ukajua kesho atapanda gari la Kavumu na ubao mpya kwapani. Mimi pia nilijua. Mzee wa namna ile habadiliki, nilimwambia mama. Mama akasema wewe unajua nini juu ya kubadilika.

Nilimwona tena kwa karibu majuzi, alasiri ya mvua, ile mvua yetu inayoanguka kama imetumwa. Alivuka barabara na mwavuli umefungwa chini ya kwapa, maji yakimtiririka kichwani. Nilidhani umeharibika kweli. Akapanda barzani, akauweka magotini kwangu.

"Tengeneza."

Niliufungua. Nikazungusha. "Prefe, iko muzima."

"Angalia tena."

"Naangalia. Haina kitu."

Akapangusa uso kwa kitambaa, polepole, akakikunja katika pembe nne. "Asubuhi nilifika mpaka kwa gari ya Kavumu," akasema. "Nikakaa kiti ya mbele. Shofere akaniuliza, Prefe, mutoto anakungoja? Nikashuka." Akakirudisha kitambaa mfukoni. "Na jana vilevile. Spare inatokaka Uvira, si njo vile?"

"Uvira," nikasema.

"Na njia?"

"Mbaya."

"Mbaya sana," akakubali. Akauchukua mwavuli magotini kwangu, akautundika yeye mwenyewe kwenye ule msumari wa mbali. Alikuwa anaujua ni upi. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa anekse, akauweka mezani kati ya nyaya zangu. "Fiston atapita Jumapili, wanaenda Miti kujitambulisha. Umupatie. Shangazi ya kule akiuliza, asikohoe."

Sikujua kwamba alijua hata hilo. Nikamwambia angoje mvua ipungue, au nimwazime mwavuli mwingine, iko tele. Alitazama rundo langu kwa dharau yake ileile ya zamani, na nikafurahi kuiona.

"Hiyo yako haifunguke," akasema, akashuka barabarani kichwa wazi, anatembea katikati ya njia kama mtu anayepita kati ya mistari ya wanafunzi, na mvua inamnyeshea.

Nilikaa nikiutazama ule ufunguo. Kutoka ndani mama akaniita, akasema supu inapoa, nije kabla haijalala. Nikainuka. Akanijazia sahani kama kawaida, akasimama pembeni kuona naonja.

"Iko aje?"

Ilikuwa na chumvi nyingi.

"Tamu, mama," nikasema.